Siku Bibi Alipodai Mahari Kanisani

Mwezi uliopita nilitolewa nje kwenye sherehe ya watu. Ndiyo, mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikashikwa mkono na kuongozwa hadi nyuma ya hema kama mlevi. Jirani yangu alikuwa anamwoza binti yake kwa kijana kutoka Kenya. Mshenga wa upande wa kijana akasimama, akakohoa, akasema kwa Kiswahili kilichopigwa pasi: "Sasa, ndugu zetu, tumekuja kwa habari ya mahari." Nikacheka. Wala si kale kacheko ka heshima ka kuziba mdomo kwa leso. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani na kuchafua gomesi, gauni la sherehe nililoazima.

Jirani hajanisamehe hadi leo. Basi nakueleza wewe, rafiki yangu, ili angalau mtu mmoja ajue kwamba sikuwa namcheka binti wa watu. Nilikuwa namcheka bibi yangu, aliyewahi kuingia katika kanisa la zamani, shambani kabisa, akadai mahari ya mume wake.

Lakini kwanza unijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine huota ndege na nchi za mbali. Mimi hata kushuka Nakivubo kununua nyuzi ni safari ninayoiombea tangu jana yake. Nilizaliwa hivyo. Nilipokuwa msichana mdogo tuliishi Nsambya, Kampala, kwenye kota za polisi, chumba kimoja na pazia katikati, na mimi nilikuwa naona dunia yote imo humo ndani. Asubuhi tuliamshwa na filimbi ya gwaride, halafu mabehewa ya reli yakigongana bondeni, halafu kengele ya misheni juu ya kilima. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mawe kwenye maharage na kuchota maji bombani kabla wanawake wa mstari wa pili wa nyumba hawajaanza kugombana. Tulikula ugali wa posho na mukene, vidagaa vile vinavyonukisha nyumba hadi Jumapili ya pili. Mama, ambaye ni Mnubi na Mwislamu, akipata unga mzuri alitutandikia kisra, mikate myembamba kama kitambaa. Sukari ilikuwa imepotea mjini. Wanajeshi walikuwa wanatawala, na uji tuliutia chumvi kidogo, tukajifanya tunaupenda hivyo.

Baba alikuwa askari polisi, mtu wa kwetu kaskazini, ng'ambo ya Nile, Mkatoliki wa Pasaka na Krismasi. Bibi, mama yake, alikuwa amekuja kututembelea kwa majuma machache akakaa miaka. Hakujua Kinubi cha mama, mama hakujua lugha ya bibi, na hivyo nyumbani kwetu tulikutana sote kwenye Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kota, rafiki yangu. Bibi alikiokota kwa majirani, na majirani ulimi wao ulikuwa wa Kiganda, ambao herufi l na r unazichukulia kama mapacha: ukimkosa mmoja, mwite mwingine. Kwetu mtu alikwenda kurara, akaamka akasikia kerere. Nilifika sekondari ndipo mwalimu akanionyesha kwamba hizo ni herufi mbili. Nilimwona ana chuki.

Sasa, mwaka mmoja mambo yalichacha. Usiku risasi zilisikika upande wa mjini, na mchana hakuna aliyeuliza. Baba akapata nafasi kwenye lori lililokuwa linapeleka vitu kaskazini. Akamwambia bibi atangulie nyumbani, Jumatatu, na sisi tutaona.

"Mimi nitakwenda," bibi alisema. "Lakini kwanza nafika kanisa ile."

Kanisa ile. Tulilisikia tangu tunanyonya. Babu yangu, kijana mwenye mke na mtoto mmoja, aliteremka kusini kwa miguu kutafuta kazi. Mapadri wa Kizungu wakamchukua, yeye na wenzake wa kaskazini, kufinyanga na kuchoma matofali ya kanisa, huko shambani, juu kwenye barabara ya Bombo. Hakurudi. Ilifika habari tu, imebebwa mdomoni na mpita njia: homa imemchukua, wamemweka huko huko. Na kwa desturi ya ukoo wetu, mtu aliyewekwa ugenini hajazikwa bado. Ana mahali tu. Hata neno kaburi hulitaji, kwa sababu kaburi ni la nyumbani. Mpaka mtu wake aende, achote udongo wa pale alipolala, aurudishe nyumbani na kuuzika mbele ya mlango. Hapo ndipo amekufa vizuri. Bibi alikuwa amesubiri umri wa mtu mzima. Na akipanda lori Jumatatu bila ule udongo, alijua, nasi tulijua, hashuki tena Kampala katika maisha haya.

"Mama, barabara mbaya," baba alisema. "Jumatatu lori nakwenda."

"Lori itangoja."

"Lori ya serikali hapana ngoja mutu!"

"Basi iende. Miguu yangu hapana ya serikali."

Baba akatazama dari. Yeye alikuwa zamu, na hata kama angekuwa huru, askari kumpeleka mtu vijijini siku zile kulikuwa kutisha watu bure. Mama alikuwa na mtoto mchanga. Macho yote yakanigeukia mimi, maana nilijua Kiganda. Kiganda gani, rafiki yangu! Kilikuwa Kiganda cha kununua kabalagala, maandazi ya ndizi, na kutukana watoto wa mstari wa pili. Nikalala chini nikishika tumbo. Bibi akanitazama, akasema kwa upole kwamba tumbo linaweza kuumwa ndani ya basi vilevile.

Jumapili asubuhi tukaondoka. Mama alimfunga bibi mkononi kitambaa chake kizuri, kile cha Idi, cha kubebea udongo, akampa na kisra ya njiani. "Mwambie muzee mimi pia namusalimia," alisema. Mkwe hakuwahi kumwona, dini si moja, lakini salamu ni salamu.

Sitakusimulia njia. Nilifumba macho toka Nakivubo. Nilipofumbua Bwaise, maji ya mvua yalikuwa yameingia nyumba za watu na bata wanaogelea mlangoni, nikafumba tena. Basi likatushusha kwenye njia nyekundu, kahawa huku, migomba huku. Na huko juu, likitokeza kama ng'ombe mkubwa aliyelala kwenye majani, kanisa. Jekundu, kuta nene, madirisha membamba ya mviringo juu, na mnara mfupi kama uliojengwa na watu walioishiwa matofali siku ya mwisho. Nilidhani limejengwa na Nuhu alipomaliza safina.

Bibi akasimama. Akaweka mkono kwenye shavu. "Amejenga," alisema. Halafu akatembea mbio, mimi nyuma.

Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa, sala ya asubuhi ilikwisha kumalizika. Kando yake kulikuwa na nyumba, na uani mwanamke mmoja mnene amekaa kwenye mkeka akimenya matooke juu ya majani ya mgomba. Bibi, kwa furaha yote ya safari, akapaza sauti kwa Kiswahili:

"Hodi! Nyinyi iko?"

Kisu kikaanguka. Yule mama, na unene wake wote, aliingia ndani kama panya, na mlango ukafungwa kwa komeo. Mlango wa pili ukafungwa. Wa tatu. Kuku walibaki peke yao.

Wewe huenda hukuyaona hayo, kwa hiyo nikueleze. Kiswahili siku zile vijijini kilikuwa lugha ya buti. Aliyekuja na Kiswahili alikuja kuchukua kitu, au mtu. Nikamvuta bibi gomesi, "Twende nyumbani." Nilikuwa na sababu nzuri kabisa ya kurudi kitandani kwangu.

Bibi akaketi kwenye mkeka wa watu. "Watatoka," alisema. Akaokota kisu, akachukua tooke, akaanza kumenya.

Ee Mungu. Bibi yangu ni mtu wa mtama na mihogo. Ndizi alikuwa anazila, hakuwa anazijua. Alikata kama anayechonga mpini: ganda likatoka na nyama yote, ukabaki mchi mdogo wa kuchokonolea meno. Akautupa kwenye maji, akachukua nyingine. Ya tatu akaikata katikati kwanza. Ndani ya nyumba nikasikia mtu akiguna. Ya nne. Mguno ukawa mlio. Ya tano, komeo likaruka.

"Nedda, nedda, nedda! Banange, matooke yangu!" Yule mama alitoka kama moto na kumpokonya kisu. Kuogopa jeshi ni sawa, lakini kuna mambo mtu hawezi kuyatazama akanyamaza. Akamwonyesha bibi: kichwa huku, mkia huku, ganda litoke jembamba hivi. Bibi akajaribu. Mama mnene akamchapa mkono. Bibi akacheka, na kwa kuwa hakuna askari anayechapwa mkono akacheka, yule mama naye akacheka, akaniuliza kwa Kiganda jjajja huyu, bibi huyu, anatafuta nini. Hapo Kiganda changu cha kabalagala kikafika mwisho wa barabara. Nikasema: "Anataka kanisa." Akaita katekista.

Katekista alikuja akivaa koti huku anatembea. Mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi. Ujanani alifanya kazi bandarini Mombasa, na Kiswahili alikileta kutoka huko kizima, kama sahani ya kaure, na kwa miaka yote ile kijijini hakuwa amepata wa kumwonyesha. Alitufungulia kanisa kwa furaha ya ajabu. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya nta na popo. Matofali yalikuwa wazi, hayakupakwa lipu, na mengine bado yana alama za vidole vya waliofinyanga. Bibi akawa anapita akiyagusa moja moja. Wazee wawili watatu wakaingia nyuma yetu kuona mambo.

"Karibu, mama," alisema katekista. "Sema haja yako. Mimi Kiswahili nakimudu barabara."

Bibi akasimama wima mbele ya altare. "Mimi nimekuja kuchukua mahari ya muzee yangu."

Katekista akavua miwani. "Mahari?"

"Mahari, ndiyo. Mimi nangoja mahari ile miaka mingi. Kesho naenda kwetu. Leo leo nachukua."

"Mama," alisema polepole, "kanisa halilipi mahari."

"Hapana lipa! Wewe naonyesha mimi tu. Muzee yangu nalala hapa."

Katekista akawageukia wazee, akafasiri. Wazee wakaguna. Mmoja akauliza jambo, na katekista, uso umewaka aibu, akarudi na swali: "Alilala hapa... na nani?"

"Na rafiki yake! Wengi!"

Nilikuwa sielewi kwa nini mzee mmoja alijishika kichwa. Sasa naelewa. Walidhani mwanamke wa kaskazini, mtu wa barakisi, kambi za askari, amekuja katika enzi zile kudai mahari ambayo mumewe alimlipia msichana fulani wa parokia, aliyelala naye na kundi zima la rafiki zake, na asipopewa leo huenda kesho akaja na mwanawe mwenye bunduki. Wakanong'onezana. Mzee mmoja akatoka haraka. Katekista akaanza kumtuliza bibi, kwamba jambo ni la zamani, kwamba wasichana wa wakati ule wengi wamekwisha kufa, kwamba kanisa linaweza kuomba radhi. Bibi akawa mkali. Amekuja kwa miguu yake, haondoki bila mahari ya muzee. Akapiga kiganja ukutani. Na katikati ya hayo yule mzee akaingia tena kanisani akivuta mbuzi.

Mbuzi akalia mbele ya altare. Bibi akamtazama mbuzi. "Huyu wa nini?"

"Hii ndiyo tuliyo nayo, mama. Upokee kwa amani."

"Mimi nataka mbuzi? Mimi hapana taka mbuzi! Nataka mahari!"

Jua lilikuwa limevuka utosi, basi la kurudi ni moja tu, na nilimwona bibi akiegemea ukuta wa matofali kama mtu aliyeshindwa. Sikuwahi kumwona hivyo. Neno kaburi asingelitamka, desturi ilimziba. Na mimi kwa Kiganda sikulijua. Basi nikafanya nililoweza. Nikalala chali kwenye sakafu ya kanisa, nikanyoosha miguu, nikakunja mikono kifuani, nikafumba macho, nikatoa ulimi kidogo kando.

Mama mnene wa matooke, aliyekuwa mlangoni, akapiga yowe: "Entaana! Banange, anatafuta entaana ya mumewe!"

"Kaburi!" katekista akafoka. "Mahali! Ma-ha-LI! La ilaha..." akajishika mdomo, maana alikuwa katekista, na Mombasa ilikuwa imemtoka bila ruhusa.

Bibi akanipiga teke la mguu. "Amka! Wewe naita kifo hapa?" Hizo ndizo shukrani nilizozipata. Lakini wazee walikuwa wamekalia mabenchi wakicheka hadi machozi, mwenye mbuzi akicheka zaidi ya wote kwa vile anarudi naye nyumbani, na bibi, alipofasiriwa, alifunika uso kwa mikono. "Mimi nadai kanisa mahari," alisema. "Muzee atanicheka."

Katekista akatupeleka mteremkoni nyuma ya kanisa, kwenye mibuni ya kahawa. Alikuwa mtoto wakati ule. Aliwakumbuka watu wa matofali, walivyoimba wakikanyaga udongo, naye akiwaletea maji. Akasogeza matawi. Vilikuwepo vilima vidogo vidogo vya ardhi, vimeota majani, safu ya kupinda. Hakuna msalaba. Hakuna jina.

"Ni hawa," alisema.

"Wangu yupi?"

Katekista akayaachia matawi. Kisha akasema kwamba homa ilikuja mara moja, wakawekwa upesi. Padri aliyejua ameondoka nchini. Labda mama arudi siku nyingine, wataulizia.

Bibi alipita safu nzima na kurudi. Kila kilima aliinama akasema kitu kwa lugha yetu, akasubiri, kama mtu anayebisha hodi. Hakuna aliyeitikia. Mimi nilitaka kulia, na nilitaka nyumbani, na kwa mara ya kwanza nilitaka nyumbani kwa ajili ya mtu mwingine.

Basi akafungua kitambaa cha mama. Akapiga magoti kwenye kilima cha kwanza, akachota udongo. Akaenda cha pili, akachota. Cha tatu.

"Mama," katekista alisema, "wengine hawa si wako."

Bibi hakugeuka. "Najua. Lakini yeye nakaa na hawa hapa miaka yote. Wewe nafikiri yeye nataka kupanda lori peke yake?" Akachota tena. "Wote naenda. Kule mbele, kila mutu najua njia ya kwao."

Katekista akavua koti. Akapiga magoti upande wa mwisho wa safu, akaanza kuchota naye, akija huku bibi akienda kule, hadi wakakutana katikati. Mama mnene alituletea matooke yaliyofungwa majani, ya moto, na yale ya bibi akayaweka juu ili, alisema, mzee huko aliko aone mkewe alivyofanya kazi.

Jioni, kwenye kizuizi cha barabarani, mwanajeshi mmoja alitushusha, akachoma furushi kwa ncha ya bunduki. "Hii nini?" Mimi mkojo ulikuwa karibu. Bibi akamtazama usoni. "Hii muzee yangu. Na rafiki yake." Yule kijana akarudi nyuma hatua, akatazama udongo uliotoka kwenye tundu, akamwuliza bibi jambo kwa lugha ya kwetu. Bibi akajibu. Akavua kofia. Akatutafutia viti vya mbele, na kila aliyekuwa ndani ya basi akatuogopa mpaka Nakivubo.

Jumatatu lori likaondoka, bibi juu ya magunia, furushi mapajani. Baba alituambia baadaye kwamba walizika ule udongo mbele ya mlango, wote pamoja, kwa ngoma. Bibi mwenyewe akafuata baada ya mavuno mawili, na yuko kando yao.

Nilirudi kwenye kanisa lile mara moja tu, nikiwa mtu mzima, kwa kusukumwa na watoto wangu ndani ya gari. Limepigwa lipu na rangi ya krimu, alama za vidole hazionekani tena. Mnara umerefushwa. Katekista amefariki, na hakuna kijana aliyejua ninachouliza. Kule nyuma mibuni imekatwa. Wamesawazisha ardhi na kumwaga zege, magari ya mahujaji yapate kuegesha. Niliegeshwa hapo hapo. Kiswahili chetu cha kota nacho kimekwenda, pamoja na kota zenyewe na watu waliokutana humo kwa sababu hakukuwa na lugha nyingine ya kuambizana "umekula?" Wajukuu zangu wanasema l na r kila moja mahali pake, wamefundishwa vizuri, na nyumba imekuwa kimya kidogo.

Ila kule kaskazini, mbele ya mlango, kuna kilima kimoja kipana kupita kawaida. Ukienda na watoto wa mjini, lazima mmoja aulize humo amelala babu gani. Mimi, ambaye husafiri mara chache na kwa manung'uniko, huwa nimekwisha kukaa chini kando yake nikipumzisha miguu. Nawaambia wapunguze kelele, wasalimie. Nao huuliza wamsalimie nani. Nawaambia: "Semeni hamjambo. Wamo wengi."